Nchi Iliyo Chini ya Makochi

Kochi la Mama Saluni lilirudi kwa mkokoteni siku ya mvua, limefunikwa nailoni, limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Mwenyewe alilifuata nyuma na mwavuli wake, akaanza kulalamika kabla hajafika mlangoni.

"Fundi, kochi lako limeniaibisha. Mteja kakaa kusubiri zamu yake, kazama. Tumemvuta mikono huku na huku, rola zote kichwani, analia kwamba tunamvunja kiuno."

Siku za nyuma Fundi angemjibu. Angesema kochi halina kosa, kosa ni la wateja wa saluni, wanaokuja na njaa ya umbea wakaondoka wameshiba uzito. Alikuwa mtu wa maneno. Wapo waliokuja kwake kubishana tu, kochi likawa kisingizio. Siku hiyo aliinua kichwa, akasema "Liache hapo," akaenda kushika upande mmoja lishushwe.

Mkewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini. Alikuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, kazi ya kusimama tangu asubuhi mbele ya sinki la saruji, na vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa maji, vinanuka sabuni na buluu ya kufulia. Mtaa mzima ulimwita Mama Chiriku, kwa sababu binti yao wa pekee alikuwa na mdomo usiopoa tangu alipojua kutamka. Sasa jina hilo lilikuwa limewashinda watu. Wakikutana naye wanaanza, "Mama Chi...", halafu wanameza mate, wanamalizia, "dada, pole na kazi." Aliwaona wanavyolizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi asiloweshe viatu.

"Dada, za kutwa," Mama Saluni naye akasema, akiutazama mwavuli wake.

"Nzuri," akajibu, akaweka mkoba chini.

Chiriku alizaliwa na moyo wenye tundu. Madaktari walisema atakua nao. Baadaye wakasema atapasuliwa. Baadaye tena wakasema asubiri kwanza apate uzito. Hakuweza kukimbia wala kuruka kamba, na akipanda ngazi midomo yake inageuka rangi ya zambarau. Siku ambazo shule ilimshinda alishinda karakana kwa baba yake, pale mbele ya nyumba, amejilaza juu ya lundo la vipande vya sponji, anasoma vitabu vya kuazima, na akichoka kusoma anasema. Alikuwa anaingia miaka kumi na mmoja msimu wa baridi ulipomchukua. Hospitali iliwarudishia kandambili zake ndani ya mfuko, zimefungwa pamoja kwa mpira kama vile ni za kuuzwa.

Basi Fundi akaligeuza kochi miguu juu, akachana kile kitambaa cheusi cha chini ambacho mwenye kochi hakioni isipokuwa siku anayotafuta sindano iliyopotea. Alitaka kujua ni springi ipi imekatika. Akainama, na mkasi wake mkononi, na pale pale alipoinama akabaki.

"Kuna nini? Panya?" Mama Saluni akauliza.

"Hapana."

"Maana kama ni panya uniambie, nina wateja waoga."

"Nenda tu, mama. Njoo wiki ijayo."

Mama Saluni alipokwenda zake, Fundi alivuta kigoda, akakaa mbele ya lile kochi lililopinduliwa kama mtu anayeota moto. Mkewe akasogea kutazama.

Kochi limejengwa kwa matabaka, kama kitunguu. Kuna fremu ya mbao, kuna springi, na juu ya springi linatandazwa gunia na kupigiliwa misumari midogo pembeni kote. Ndipo inakuja sponji, na mwisho kabisa kile kitambaa kizuri cha kuwaonyesha wageni. Gunia halionwi na mtu mpaka kochi life. Sasa Fundi alikuwa na mtindo wake. Kabla hajalipigilia gunia alilitandaza sakafuni, akampa binti yake kalamu nene ya wino, na mtoto akachora. Likishajaa, baba aliligeuza ile michoro itazame chini, kwenye springi, akapigilia. Kwa hiyo ndani ya kila kochi lililotoka kwenye karakana ile tangu Chiriku ajue kushika kalamu kulikuwa na kazi ya mkono wake, na wenye makochi hawakuwa na habari.

Mkewe alikuwa anajua kwamba wanachora. Aliona wino kwenye vidole vya mtoto, akamsugua kwa limau. Lakini alidhani ni michoro ya kupoteza saa tu, maua na nyumba zenye moshi. Hakuwahi kuinama kuangalia. Nani arudi na kiuno kinachomuuma aanze kukagua magunia?

Sasa aliinama. Katikati ya springi zenye kutu aliona mto, aliona daraja, aliona watu wadogo wadogo wenye miguu mirefu, wengine wana mabawa, mmoja amebeba nyumba kichwani.

"Hii ni nini, Baba Chiriku?"

"Mto."

"Mbona unapanda juu?"

"Huko mito inapanda." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayesoma. "Inashinda bondeni inafanya kazi, jioni inapanda mlimani kupumzika."

"Huko wapi?"

Fundi alimtazama mkewe, kama anapima kitambaa kama kitatosha. "Nchi ya Chini," akasema. "Iko chini ya makochi yote. Ni nchi moja, ila imegawanyika vipande kwenye nyumba za watu. Mtu akikaa kwenye kochi, kule usiku unaingia. Akiinuka, kunapambazuka. Kwa mwenye duka la vyuma, kwa mfano, maskini wale watu hawalioni jua, maana yule baba akikaa ameshakaa."

Akacheka. Kicheko kidogo, kilitoka na vumbi, lakini kilikuwa kicheko, na mkewe alikuwa hajakisikia tangu siku ya mazishi. Alivuta kigoda cha pili.

"Na huyu mwenye meza?"

"Huyo ni mimi. Kule ndiye ninayeshona mioyo. Mtu moyo wake ukichoka anauvua, ananiletea. Natoa sponji ya zamani naweka mpya, nashona kwa sindano ile iliyopinda, anaondoka nao siku ile ile." Akaigusa ile foleni kwa ncha ya mkasi. "Mtoto alisema foleni ni ndefu lakini hakuna anayerudishwa."

Mkewe alitazama yule fundi mdogo wa wino, na meza yake, na ile foleni iliyokwenda mpaka ukingo wa gunia, kila mtu amekumbatia kitu chake kifuani.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Alikuwa akitoka kwenye mashuka anakuja moja kwa moja, hata maji hajanywa, anakaa mbele ya kochi la Mama Saluni, anasema, "Haya, endelea." Na Fundi anaendelea. Alimweleza habari ya siafu aliyekataa kuoa. Alimweleza daraja ambalo linajengwa kutoka pande mbili na mafundi waliogombana, kila mmoja anajenga lake, hakuna anayejua kama yatakutana. Alimweleza mbuzi mwenye kibanda cha kuuza vivuli, anapima kwa kibaba. Wakati mwingine mama alicheka. Wakati mwingine alikasirika kwamba mtu aliyebeba nyumba kichwani hasaidiwi, akataka kujua kwa nini.

Zamani alikuwa halielewi jambo hili. Mtoto akishika vitabu vyake vya nchi ambazo hazipo, yeye alikuwa anamwuliza, "Ya hapa umeyamaliza?" Aliona ni ulafi wa akili, mtu kuacha sahani iliyo mbele yake akatamani harufu ya jirani. Sasa alikuwa amekaa yeye, mtu mzima, amechelewa kupika kwa sababu ya siafu asiyetaka kuoa, na sababu yake aliijua. Hapa nyumbani mambo yote ya Chiriku yalikuwa yamesimama. Kikombe chake kimesimama. Sare yake ya shule imesimama kwenye msumari. Hakuna aliyemwuliza tena kesho Chiriku ataamkaje. Lakini kule daraja halijaisha, na harusi ya siafu haijaamuliwa. Kule mwanawe bado alikuwa na shughuli.

Siku moja akaanza kuwatambua watu.

"Huyu wa mikono sita si Mzee Karani?"

"Ndiye. Mikono sita ashike vitabu sita."

"Na huyu anayechana mawingu ni Mama Saluni mwenyewe. Angejua amekalia sura yake." Akasogeza uso karibu zaidi. "Huyu paka ni yule kilema wa jirani. Na huyu mwenye taji... Baba Chiriku, huyu si dada yako?"

"Ni shangazi, ndiyo. Malkia wa upande wa mashariki."

"Wifi yangu ni malkia."

"Ni mtoto tu alichora, mama."

"Nimeona ni mtoto. Na mimi niko wapi?"

Fundi aliangusha msumari, au alijifanya ameuangusha, akaanza kuupapasa sakafuni. "Sijui," akasema akiwa huko chini. "Labda kochi jingine."

Wifi mtu alikuja mwisho wa juma, kama alivyokuwa akija kila mwisho wa juma tangu msiba, na kapu la mboga na neno la kuudhi. Alikuta wifi yake na kaka yake wamekaa mbele ya kochi lililopinduliwa, akauliza kama siku hizi wanaabudu springi.

"Njoo ujione," wifi yake akamwambia. "Una taji."

Akainama, akatazama muda mrefu. "Jamani," akasema. "Mtoto alikuwa na jicho. Angalia shingo. Shingo ni yangu hiyo."

"Na kidevu."

"Na kidevu. Wifi, usinune. Damu inajua damu yake, malkia lazima atoke upande wetu." Akacheka, halafu akauona uso wa mwenzake, akaacha, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa. "Wifi, ni michoro. Mambo ya uongo haya, mtoto alikuwa anajichekesha."

"Kama ni ya uongo, mbona umelifurahia taji?"

Wifi akachukua kapu akaingia nalo ndani kuchambua mboga, na huko ndani wakamsikia anapenga kamasi.

Kesho yake mama alimwomba msimamizi wake atoke mapema. Alichukua mkasi wa mumewe na tochi, akaanza na nyumba ya Mzee Karani, kwa sababu ilikuwa karibu na kwa sababu huko hakuogopa.

Mzee Karani alikuwa amestaafu kazi ya ofisini, na sebule yake ilikuwa imejaa vitabu mpaka chini ya meza ya redio. Vingi vilikuwa vya nchi za kubuni, za watu wa angani na wanyama wenye mahakama. Ndiye aliyekuwa anamwazima Chiriku. Mama alipoeleza anachotaka, mke wa Karani alidhani hakusikia vizuri.

"Unataka kulipindua kochi letu?"

"Nalirudisha kama lilivyokuwa, mama. Nataka kuangalia chini tu."

"Kuna nini chini?"

"Michoro ya mwanangu."

Mke wa Karani hakuuliza tena. Akaondoa vitambaa vya mito, akashika upande mmoja, mumewe akashika upande wa pili huku anaugulia mgongo. Mama akapiga magoti, akachana kitambaa cheusi, akawasha tochi.

Ilikuwa ni ile ile nchi, upande wake mwingine. Kulikuwa na soko, kulikuwa na kituo cha treni inayovutwa na konokono, na abiria wote wamelala. Akampata mwalimu wa darasa la Chiriku. Akampata daktari yule mrefu wa hospitali, amepewa miguu ya korongo. Akampata muuza mkaa. Aliipitisha tochi pole pole, mstari kwa mstari, kama anavyopitisha macho kwenye shuka kutafuta doa. Hakujipata.

"Mzee," akasema akiwa bado chini, "wewe unayasoma haya mambo miaka yote. Unayapendea nini?"

Mzee Karani alikaa kwenye mkono wa kiti kingine. "Mimi ofisini nilikuwa naandika ya kweli tupu," akasema. "Nani kafariki, nani kahamishwa, nani kaachishwa kazi. Nikirudi nyumbani nilikuwa nataka kusikia jambo ambalo halijampata mtu yeyote. Mtu wa mikono sita akiumia, silazimiki kwenda kumpa pole."

"Na kweli pole huendagi, hata za wa mikono miwili," mkewe akasema. "Mimi ndiye ninayekwenda."

"Unaona? Ndiyo maana nasoma." Halafu akashusha sauti. "Lakini Chiriku alikuwa tofauti na mimi. Mimi huko nakwenda kujificha. Yeye alikuwa anakwenda kutembea. Akirudisha kitabu, anakirudisha na maswali, anataka kujua wale watu wanafua wapi nguo zao."

"Kufua?"

"Kila kitabu. Nani anafua. Nilikuwa sina jibu, waandishi wale hawafui."

Mama alitembea na neno hilo njia nzima. Lilimpa moyo. Mtoto anayeuliza nani anafua hawezi kuwa amemsahau mama yake.

Akaenda kwa mwalimu wa darasa. Akaenda kwa muuza mitumba, ambaye alikuwa na wageni sebuleni, ikabidi wageni wasimame na vikombe vyao mkononi. Mwenye duka la vyuma alimzuia getini, akasema kochi lake bado jipya na hajaona tatizo, akaangalia mkasi mkononi mwake, akafunga geti bila kelele, kwa ustaarabu. Hilo liliuma kuliko kama angemfokea. Kwingine walimfungulia kwa huruma, na watoto wa nyumba walilazwa matumbo chini waangalie naye, wakaanza kulilia michoro ile, wakakataa kochi ligeuzwe tena.

Kila nyumba alikuta watu. Polisi wa zamu, kinyozi, mwendesha mkokoteni, wote wamo, wamepewa pembe na mikia na vyeo. Hata msimamizi wake wa kazi alimkuta, amekuwa birika linalopiga kelele, na Chiriku alikuwa amemwona mara moja tu. Yeye hakuwemo. Hata mkono wake. Hata kamba ya nguo yenye shuka moja.

Hakujua kwamba nyuma yake Fundi alikuwa anapita. Siku ya pili yake, kila nyumba, alifika na nyundo na misumari yake midogo, akaomba radhi, akalala chini, akapigilia upya kitambaa alichochana mkewe. Hakumlaumu kwa wenyeji. Alisema tu, "Kazi yangu huwa naikagua."

Wifi ndiye aliyemlaumu. "Kaka, mkeo anatambaa chini ya makochi ya watu na tochi. Mtaa unasema. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hayumo, apumzike."

Fundi alikuwa anatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, kama wanavyofanya mafundi. Hakujibu mpaka mdomo ulipokuwa mtupu. "Kumwambia hayumo ni rahisi," akasema. "Atauliza kwa nini."

Jioni moja mama alirudi amevimba magoti. Jua lilikuwa linazama na karakana ilikuwa nyekundu nyekundu, vumbi la sponji likielea. Kochi la Mama Saluni lilikuwa bado limepinduliwa, na Mama Saluni alikuwa ametuma salamu mbili za hasira. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkasi chini.

"Nimemaliza," akasema. "Waliokubali wamekubali, waliokataa wamekataa. Kila mtu yumo, Baba Chiriku. Paka yumo. Birika limo. Dada yako ana taji. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kumgeuza usiku asilalie ubavu mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu pumzi zake. Nimekosa hata mahali pa kusimama."

"Mama Chiriku..."

"Wala usinibembeleze. Hata mlipokuwa humu ndani wawili nilikuwa nawasikia kutoka barabarani. Vicheko, maneno, mtoto anapiga kelele kama hana ugonjwa. Nikiweka tu ndoo yangu pale mlangoni, kimya. Mnanitazama kama mgeni. Nilisema ni sawa, baba na mwanawe. Lakini angalau kwenye gunia. Gunia lote hili."

Fundi aliiweka nyundo. Aliiweka kwa uangalifu, kana kwamba ni chombo cha udongo. Alijipangusa mikono kwenye suruali, upande huu, upande huu, ikawa hakuna tena cha kupangusa.

"Nilimwuliza," akasema. "Zamani. Nilimwambia, mbona mama humchori, siku akigundua atanuna. Akanishangaa. Ule mshangao wake wa kumwona mtu mzima hana akili. Akaniambia, 'Baba, mama akija huku, nikirudi nyumbani nitamkuta nani?'"

Mkewe akautazama mlango.

"Hapo ndipo nilipofahamu. Alikuwa haogopi kwenda mbali. Vitabu vile, nchi ile, alikuwa anakwenda mpaka mahali ambapo mimi nilikuwa natishika, mapango, watu wasio na nyuso. Nikimwambia tupite pengine, anasema hapana, twende tu, mama yuko nyumbani. Ndiyo raha yake ilikuwa hapo. Angekuwa hana pa kurudi asingethubutu hata kuvuka mto." Akaonyesha mlangoni kwa kidole. "Na ndoo yako. Tulikuwa hatunyamazi kwa ajili yako, mke wangu. Ndoo ikigusa sakafu, yeye anasema, 'Tumefika.' Safari imekwisha. Mtu akifika ananyamaza kidogo. Basi."

Barabarani mtu alipita na baiskeli yenye mnyororo mkavu. Walimsikiliza mpaka akapotea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Niseme mtoto wako amekuacha nyumbani ili umsubiri?"

Ndipo alipolia. Tangu hospitali, tangu zile kandambili, alikuwa amelia machozi ya kufuta, ya kumalizia bafuni. Hiki kilikuwa kilio kingine. Kilimtoka tumboni, kikamkunja, paji la uso likagusa fremu ya kochi la Mama Saluni, na mumewe akashuka kwenye kigoda akakaa sakafuni kando yake, katikati ya misumari, bila kujua ashike wapi, akashika kisigino chake. Alikishika kisigino hicho mpaka kilio kilipokwisha nguvu chenyewe.

Giza lilikuwa linaingia. Hakuna aliyewasha taa. Fundi aliuliza lile ambalo alikuwa akilichunguza kimya kimya kila jioni, ili ajue nyundo yake aipeleke wapi.

"Kesho unakwenda nyumba ya nani?"

"Siendi popote," akasema. Alijifuta uso kwa upande wa ndani wa khanga, akanyoosha magoti yake yaliyovimba kuelekea mlangoni. "Nipo."

Mlango ulikuwa wazi, na mbu walikuwa wameanza kuingia. Fundi alifanya kama anayetaka kuinuka akaufunge, halafu akakaa tena pale pale sakafuni.